Tangu Jumatatu

"Tangu Jumatatu, dada."

Maneno matatu tu. Nikiosha vyombo nayasikia, nikisahihisha madaftari nayasikia.

Daktari aliniuliza mimi, na Nuru nilikuwa nimempakata mimi. "Mama, ameanza lini kulivuta sikio?" Nikajibu kwa sauti yangu ya darasani: jana usiku. Zawadi, binti anayenisaidia kulea, kasimama mlangoni na mkoba wa nepi, akasema hayo maneno taratibu, bila ubaya wowote. Daktari akakata alichoandika. Angeishia hapo ningevumilia, lakini alimgeukia, na maswali yote yaliyobaki akamwuliza yeye. Anakataa kula? Analia zaidi akilazwa? Ametapika? Ndiyo, ndiyo, mara moja, Jumanne baada ya uji.

Jumanne wakaguzi walikuwa shuleni. Jumatano Baba Nuru kaletewa barua ya uhamisho wa Dodoma, hilo tutaliongea siku nyingine.

Daktari akammulika Nuru sikio na kitochi chake. Ngoma ya sikio nyekundu, imefura, nyuma yake usaha. Kumbe ni yale mafua ya wiki iliyopita niliyoyaita "mafua tu". Mtoto wa miezi 14, kile kijia cha kutoka nyuma ya pua kwenda sikioni bado ni kifupi na kimelala, kikizibwa na mafua maji yanatuama huko ndani, bakteria wanastawi. Bakteria gani? (Ilibidi niulize kitu na mimi, nionekane mama.) Akanitajia watatu, nimewaandika nyuma ya kadi ya kliniki kwa tahajia yangu: nyumokokasi, hemofilasi, moraksela. Wa kwanza ndiye huyo huyo wa nimonia. Nikaruka: mbona amechanjwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, muhuri huu hapa! Akasema nyumokokasi ana aina nyingi, chanjo inakinga baadhi. Na hemofilasi tuliyochanja ni wa aina b, wa masikioni kwa kawaida si huyo.

Amoksilini asubuhi na jioni, siku 10, hata akichangamka siku ya tatu. Tusitie kitu sikioni. Mama mkwe alishapasha mafuta ya nazi, nikamwambia kwa adabu zote ayapake mwilini.

Nimekuwa nikimnunia Zawadi siku mbili. Leo, nakuna nazi, ndipo likanijia. Jumatatu hiyo hiyo, natafuta viatu, alinifuata: "Dada, Nuru anashikashika sikio." Na mimi, bila hata kugeuka: "Meno hayo."

Alikuwa na nafasi ya kulisema lile mbele ya daktari. Hakulisema.

Nikaenda uani kumwomba radhi, nikaishia kumwuliza kama chumvi ipo. Ipo. Kwenye kalenda ya jikoni amepiga mistari ya mkaa, mmoja kwa kila kipimo cha dawa, imefika mitano. Wa sita tumempa wote wawili, mimi nikishika mikono, yeye akiimba, na Nuru akanitemea nusu kifuani huku anacheka. Homa imeshuka. Amelala chali, mara ya kwanza tangu, haya, tangu Jumatatu.

Nilitaka kulala na mimi, ila upepo umeondoka na kifuniko cha simtanki, na sasa hivi nimesikia kitu kimetumbukia. Naomba liwe embe.