Kurejea kwa Slowdive na albamu niliyoihukumu vibaya
Bendi ya Slowdive kutoka Reading, Uingereza, iliporejea jukwaani mwaka 2014 baada ya ukimya wa takribani miaka 19, na kutoa albamu mpya mwaka 2017, nilizirudia zile tatu za zamani kwa mpangilio wa kutoka kwake. Just for a Day ya mwaka 1991 bado ni nzuri, ingawa nyimbo zake zinafanana mno. Souvlaki ya mwaka 1993, ambayo mwanamuziki na mtayarishaji Brian Eno alishiriki katika nyimbo zake mbili, ndiyo niliyoipenda kupita zote, na magitaa yake bado yanatanda chumbani kama ukungu. Lililonishangaza ni Pygmalion ya mwaka 1995, ambayo zamani niliiona kavu: safari hii, nikiwa na hedifoni usiku wa manane, nilisikia noti chache za gitaa zikijirudia, sauti ya mwimbaji wao Rachel Goswell ikipita kwa mbali, na kimya kati ya noti kikiwa na uzito wake. Kampuni yao ya muziki iliachana nao muda mfupi baada ya albamu hiyo kutoka. Nakiri kwamba wakati ule hata mimi ningewaacha.