Bado

Mvua ya Jumamosi ilinilazimisha kushusha maboksi yote ya juu ya kabati, maana dari langu mnalijua. La tatu lilikuwa limelowa kona moja. Nikalimwaga lote sakafuni ili karatasi zipate hewa, na mwanangu, ambaye siku hizi anasoma kila kinachosomeka hadi majina ya khanga za majirani, akaokota picha moja, akaigeuza, akasoma nyuma.

"Mama, bado nini?"

Sikuhitaji kuangalia. Nilijua ni picha ipi, na ile penseli ilikuwa ya nani.

Mwaka 2015 nilikuwa mpiga picha wa sendofu. Sisemi kwa dharau, sendofu zimenilipia kodi ya chumba Temeke miaka minne. Lakini ukishapiga keki ya mia mbili, mikono inafanya kazi peke yake na wewe unawaza mchele. Ndipo rafiki akanitumia tangazo la shirika moja lililotafuta wapiga picha wa kuzunguka mikoani. Walitaka potifolio, yaani kitabu cha kazi zako bora, iliyochapwa, si ya kwenye flashi. Sikuwa nayo. Nilikuwa na diski yenye picha elfu sita na kitu.

Nikakesha siku tatu nikachuja, nikabakiwa na 43. Hapo nikagota. Kila niliyotaka kuitoa ilinikumbusha jasho lake. Nikaenda kuzisafisha zote saizi ya postikadi, shilingi 500 kila moja. (Bado tunasema kusafisha, ingawa hakuna tena dawa wala maji, mashine inazitema kavu kama risiti.) Nikazitia kwenye bahasha, nikapanda daladala hadi Magomeni, nikaruka mashimo ya barabara ya mwendokasi iliyokuwa bado inajengwa, nikafika kwa Mzee nikiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Mzee alishawahi kuwa na studio yake, enzi za mkanda wa filamu. Chumba cha giza, taa nyekundu, karai la dawa. Nilipomfahamu alikuwa ameshafunga, anaishi kwa kodi ya vyumba viwili vya uani, na vijana tulikuwa tukimpelekea kazi zetu azitukane. Alizitukana kwa upole sana.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umeleta ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mikanda miwili nzima ina sabini na mbili," akasema. "Umejitahidi."

Bibi akatandika mkeka kwenye ukumbi. Mzee akakaa kwa mafungu, goti kwanza, kisha mkono, kisha mwili wote. Akaniambia nipange ninavyotaka watu waone. Nikapanga safu baada ya safu, na ya baba nikaiweka ya kwanza kabisa, juu kushoto, mahali pa mgeni rasmi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nikawasha tochi ya simu, akanizuia. "Zima hiyo. Mwanga wa mlango unatosha. Picha isiyoonekana hapa, huko ofisini kwao utaishikia taa?"

Kisha akaanza kuzigeuza. Hakuzitoa, alizigeuza tu pale pale zilipo, uso chini, kwa kidole kimoja, na kila moja ilipoangukia mkeka ilitoa mlio mdogo, pa. Nadhani ule mlio ndio ninaoukumbuka kuliko maneno yake yote.

Machweo ya Coco Beach: pa. Machweo mengine, yenye ngalawa: pa.

"Mzee, hiyo niliisubiri saa mbili nzima."

"Wewe ulisubiri. Jua lilikuwa linaenda zake."

Watoto wa Buguruni wanaocheka huku wanakimbilia kamera, picha ambayo ilinipatia sifa nyingi kuliko zote: pa. "Hawa wanacheka kwa sababu yako. Ungekuwa hukuja wangekuwa wanafanya nini? Hicho ndicho nilitaka kuona." Nikanyamaza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuona haya, zile haya za kukutwa umevaa nguo ya kuazima.

Za pantoni zilikuwa sita. Wakati ule daraja la Kigamboni lilikuwa halijafunguliwa, lilikuja kufunguliwa Aprili 2016, na mimi nilikuwa navuka kwenda na kurudi bila safari yoyote, nikipiga watu waliobanana na baiskeli na ndoo mpaka mlinzi aniambie niweke kamera. Mzee akazitazama zote sita muda mrefu. "Hizi ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Hiki kitabu chako ni barua ya posa. Posa hupelekei dada sita kwa mpigo." Akageuza tano. Ikabaki ya mama mwenye beseni la dagaa: wote wamelielekea geti linalokaribia kufunguliwa, yeye peke yake anaangalia maji tulikotoka.

Bibi harusi anayelia, wa Tabata, nilidhani atamwondoa. Akauliza, "Analia nini huyu?"

"Sijui, Mzee."

"Basi abaki."

Mkono wa mnadi samaki pale Feri alfajiri, umenyooka juu ya vichwa na moshi, akausogeza kwa kidole hadi mwanzo wa mkeka. "Huyu ndiye anayegonga hodi." Maana yake alikuwa anamsogeza baba.

Katikati ikaja chai ya tangawizi, na pamoja na chai ikaja hadithi ya Mo, kama kawaida. Mohamed Amin, yule mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia hapa hapa Dar mwaka 1963. Mzee alilisema hilo kila mara kama mtu anayetaja shemeji. Kisha akaongeza kwamba hata baada ya kupoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 alirudi kazini. "Na wewe una miwili," akasema, "umeshindwa kugeuza picha."

Ndipo akafika kwa baba.

Ile picha niliipiga barazani nyumbani, alasiri. Baba amekaa kwenye kigoda, redio ndogo ya betri ameibana sikioni, mgongo wa redio umeelekea kwangu, macho yake yako chini. Mwanga unaingia kupitia matofali ya matundu na kumchora usoni vipande vipande. Niliipenda kiasi kwamba nilikuwa siionyeshi ovyo.

Mzee hakuigeuza. Aliiokota. Aliinuka nayo, mtu ambaye kuinuka kwake ni shughuli, akaenda nayo mlangoni, akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Kuku wa Bibi akapita miguuni pake, akatoka nje. Barabarani katapila la mwendokasi lilikuwa linanguruma, na mimi nilikuwa nimeshika kikombe ambacho hakina kitu. Nilisubiri aseme neno moja zuri. Nakiri, hilo tu ndilo nililolifuata Magomeni.

Akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaiegemeza picha kwenye fremu ya mlango, akaandika kitu nyuma, akarudi, akailaza mahali pake. Pa.

Sikuuliza. Ningeweza kuuliza, alikuwa pale, hai, umbali wa mkono. Nikahesabu zilizobaki zikiangalia juu: 14.

"Mzee, wanataka ishirini."

"Waliandika ziwe ishirini au zisizidi ishirini?"

Nikafungua tangazo kwenye simu. Zisizidi.

Neno lenyewe nililisoma nikiwa kwenye daladala. Bado. Basi. Picha bado? Mimi bado? Au ni jibu la swali alilojiuliza mwenyewe pale mlangoni? Kiswahili chetu nacho, mtu anaweza kukupa neno moja ukaondoka nalo miaka.

Kariakoo nitaifupisha. Fundi kijana wa kuchapa aliniuliza faili ziko wapi, nikampa, akacheka. Tatu nilikuwa nimezichukua kutoka WhatsApp, na WhatsApp inakamua picha hadi inabaki maganda. Ukurasa wa A4 ukitaka utoke safi unadai kama pikseli, zile nukta zinazounda picha, 2480 kwa 3508, zangu hazikufika nusu. Nikarudi Temeke kuleta za asili. Jaribio la kwanza, bluu ya kitenge cha mama wa pantoni ikatoka zambarau na nyuso zote zikawa kama zimepakwa masizi. "Dada, skrini inawaka, karatasi haiwaki," akanielimisha. Skrini inapika rangi kwa taa tatu, mashine kwa wino wa aina nne, na kuna rangi wino hauzifikii hata ufanyeje. Tukaongeza mwanga kwenye nyuso, tukachapa tena. Pia aliniambia niache milimita tatu kila pembeni za kuliwa na kisu, ushauri uliokuja baada ya kisu kumla mnadi samaki ncha za vidole.

Halafu akahesabu kurasa. Picha 14 na ukurasa wa jina, 15. Kitabu cha kubana pini katikati kinakwenda kwa nne nne, akasema, 12, 16, 20. "Umebakiza ukurasa mmoja. Niuache mweupe?"

Mnajua nilichofanya.

Kwa hiyo siku ya usaili nilikuwa na mnadi samaki mwanzoni na baba mwishoni. Dada aliyenisaili alifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, hakusema kitu, na kwa bibi harusi alikaa hadi nikaanza kuhesabu feni ya darini. Alipofika kwa baba akainamisha kichwa kidogo.

"Huyu nani?"

"Baba yangu."

"Anasikiliza nini?"

"Taarifa ya habari," nikajibu, haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Akasema "Sawa", akafunga. Kazi ile sikuipata. Baadaye waliniita kubeba taa za mpiga picha waliyemchukua, nikaenda nikabeba, na mengi ninayoyajua leo niliyaokota chini ya zile taa. Hilo lina siku yake.

Nakala moja nilimpelekea Mzee. Alifungua kwa furaha kabisa, akamgusa mnadi kwa kidole, akacheka kwa mama wa dagaa. Nikamwona anakaribia mwisho, nikashika pindo la mkeka. Akafungua ukurasa wa 16. Akautazama. Akafunga kitabu, akakiweka pajani.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Alitangulia mbele ya haki mwaka 2019. Hatukulizungumza tena.

Sasa mwezi huu natengeneza potifolio ya mtandaoni, wateja wakinitafuta wasikute keki tu. Ni kazi nyingine kabisa. Kwenye kitabu picha mbili zinatazamana na unaweza kuzigombanisha, kwenye simu kuna kidole gumba tu kinachokwenda chini, na mnadi wangu, aliyekuwa wa kulala kwenye ukurasa, anakuwa mdogo kama stempu. Nimezipunguza zote hadi pikseli 2048 upande mrefu, watu wasije kunilaani kwa bando lao. Nimefika 19. Ya ishirini nimeiacha wazi, na nilikuwa nimejiambia safari hii ni ya baba bila kumuuliza mtu.

"Bado nini, Mama?" mwanangu akauliza tena.

Nikamwambia ni mzee mmoja aliandika, hata mimi sijui. Hakuridhika. Akaigeuza upande wa picha, akalala kifudifudi juu ya sakafu iliyolowa, akaisogeza karibu na pua.

"Redio ya babu haina betri."

"Ina betri, anasikiliza."

"Haina. Ona, kifuniko cha nyuma hakipo."

Nikaichukua. Nikaenda nayo mlangoni. Miaka yote hiyo nimeitazama ile picha, nimeisafisha, nimeichapa A4, nimeipunguza, nimeikuza kwenye skrini kuangalia kope za baba. Na pale nyuma ya redio, katikati kabisa ya ule mwanga wa matundu niliokuwa najisifia, springi mbili za betri zinameremeta, hazina kitu.

Nikampigia. Shikamoo, marahaba, mvua huko vipi, mguu unaendeleaje.

"Baba, unaikumbuka ile picha niliyokupiga barazani, redio sikioni? Ulikuwa unasikiliza nini?"

Kimya. Nikasikia mvua inapiga mabati ya kwake.

"Redio gani? Ile iliyokuwa mbovu?"

"Ndiyo, hiyo hiyo."

"Aa," akasema. Kisha akaniuliza kama dari limeshatengenezwa.