Kumbukumbu ya vazi la Spider-Man: kwenye cherehani ya mama mkubwa

Aprili, wiki ya kwanza

Nimerudi Kariakoo na mita tatu za kitambaa chekundu cha kuvutika na mita mbili za buluu. Lengo ni kumaliza kabla ya Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, maana watoto wa mtaa wetu hapa Tandika nimeshawaahidi. Ila vazi lenyewe nimelitamani tangu nikiwa darasa la tano.

Nampenda Spider-Man kwa sababu ni fundi. Mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimtoa mara ya kwanza Agosti 1962, kwenye jarida la katuni la Amazing Fantasy toleo la 15, na tangu siku hiyo Peter Parker, ndiye Spider-Man bila barakoa, ni kijana wa Queens, New York, asiye na pesa. Buibui mwenye mionzi aliyemng'ata alimpa nguvu na wepesi. Utando hakumpa. Vifaa vya kurushia utando vile anavyovaa mkononi alivibuni na kuviunda mwenyewe. Hata vazi alilitengeneza mwenyewe. Katika toleo la 4 la jarida lake mwenyewe, The Amazing Spider-Man, mwaka 1963, barakoa inachanika akiwa katikati ya kupigana na adui yake Sandman, naye anaacha pambano, anarudi nyumbani, anashika sindano. Shujaa ameinamia uzi! Nilipouona ukurasa ule nilijua huyu ni wa kwetu, maana mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani.

Wiki ya pili

Mshono unaruka. Nimeshona mguu mmoja, nikauvuta kidogo tu, uzi ukakatika paja zima. Cherehani ni ile ya kukanyaga ya mama mkubwa, inapiga mshono wa moja kwa moja tu, na kitambaa hiki kinataka mshono unaoweza kuvutika pamoja nacho. Nimefumua jioni nzima.

Mama mkubwa amekuja, amepapasa mshono kwa kidole gumba, akasema sindano yangu ina ncha kali mno, inakata nyuzi za kitambaa badala ya kupita katikati yake. Tumeweka ya ncha butu. Halafu akanionyesha kuweka ukanda wa gazeti chini ya kitambaa kisigande kwenye meno ya cherehani, na kukivuta kidogo kwa mikono miwili wakati kinapita, ili mshono ubaki na uzi wa akiba. Ukimaliza unalichana gazeti. Mguu wa pili umetoka vizuri, nimechuchumaa nao mara kumi, haujakatika.

Wakati tunachana gazeti akauliza, "Huyu unayemshonea ni nani hasa?" Nikamsimulia. Mtoto aliyefiwa na wazazi, akalelewa na Ben na May. Siku moja akamwacha mwizi apite mbele yake kwa sababu aliona hayamhusu, na baadaye mwizi yuleyule akamuua Ben.

"Huyo Ben na baba wa mtoto wana undugu gani?"

"Kaka yake mkubwa, mama."

"Basi ni baba yake mkubwa. Na huyo May ni mama yake mkubwa. Sasa yatima hapo ni nani?"

Nilikosa jibu. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, na mimi miaka yote nilikuwa nikisema Mjomba Ben kama wenzangu. Kumbe alipouawa Ben, Peter alifiwa na baba kwa mara ya pili. Mimi pia nimezika baba mara mbili, baba mzazi kisha baba mkubwa, na aliyebaki kunilea ndiye huyu aliyekuwa ananisogezea taa nione mshono.

Mei, wiki ya kwanza

Masika. Rangi ya kitambaa haikauki. Mistari ya utando niliyochora kitambaa kikiwa kimelazwa mezani yote ilipasuka nilipovaa, ikabidi nianze upya. Sasa nachora kikiwa kimevutwa juu ya mto niliojaza matambara, mstari mmoja mmoja, kuanzia katikati ya macho kwenda nje. Kifua peke yake kimenichukua siku nne.

Mvua hizi zimenirudisha mwaka jana. Dawa ya presha ya mama mkubwa ilikuwa imeisha, maduka ya dawa niliyopita Temeke hawakuwa nayo, nikaipata Magomeni. Kurudi, Jangwani imefungwa kwa maji. Nikazungukia Ubungo, nikashika barabara ya Mandela, foleni haisogei, nikashuka nikatembea hadi Tazara na zaidi, kimfuko cha dawa nimekishikilia ndani ya shati. Njiani nilikuwa na picha moja tu kichwani: toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, Februari 1966. Peter amelaliwa na mtambo mkubwa wa chuma, maji yanaingia, na hatua chache mbele yake kimelala kichupa cha dawa ya kumwokoa May, ISO-36. Anajaribu, anashindwa. Ditko hana haraka, anachora kurasa kadhaa za mtu kusukuma chuma tu. Hakuna mji wa kuokoa pale. Kuna mama mkubwa hospitalini, na kijana anayejua kwamba anaugua kwa sababu ya damu yenye mionzi ambayo yeye Peter alimchangia. Anawawaza Ben na May, anasukuma tena, chuma kinanyanyuka.

Nilifika nyumbani saa nne usiku. Alikuwa amekaa kitandani ananisubiri, hakuuliza nimechelewa wapi. Alichukua kanga akanifuta kichwa.

Mei, wiki ya tatu

Barakoa. Macho nimekata kwenye chandarua cheupe kilichochakaa, tabaka mbili, mtu wa nje hanioni nami naona vizuri mchana. Kuyazungushia ukingo mweusi kwa mkono ndiyo kazi, kona ya jicho inajikunja. Mama mkubwa ameniomba jicho la kushoto alishone yeye. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo namtungia uzi, namkabidhi, anashona kwa kupapasa. Jicho lake limelala vizuri kuliko langu.

Imebaki zipu ya mgongoni, inchi 22, na kuunganisha mkono wa kushoto. Kesho saa moja asubuhi nampeleka kliniki, tukitoka nampitisha Kariakoo aichague zipu mwenyewe.