Kumwondoa Baba Neema kwenye bima

Mwaka 2017 nilikwenda idara ya utumishi ya ofisi yetu, hapa Dar es Salaam, kuomba jina la Baba Neema liondolewe katika orodha ya wategemezi wangu wa bima ya afya. Tulikuwa tumeishi pamoja Tabata kwa muda mrefu, kiasi kwamba mtaa mzima ulitujua kama mume na mke, ingawa mahari haikutolewa na hakuna shehe wala padri aliyetufungisha ndoa. Sasa alikuwa amehamia Mbagala kwa mwanamke mwingine, na kadi alikuwa nayo bado.

"Dada, lete hati ya talaka," aliniambia afisa utumishi bila kuinua macho. Nilimweleza kwamba talaka haiwezi kutoka pasipo ndoa. Akafungua jalada langu, akachomoa hati ya kiapo niliyoapa mbele ya wakili wakati namwandikisha, nikitamka kwamba huyu ni mume wangu. Kuingia kulihitaji kiapo na mhuri tu. Kwa kutoka, fomu yake ilikuwa na sababu mbili, kifo na talaka, na mtu wangu alikuwa hai, tena mzima, ukiacha presha.

Nilirudi kwa wakili. Alinisomea kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachosema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakajulikana kuwa mke na mume, watadhaniwa kuwa wameoana ipasavyo, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Kama ningekuwa nadai mgawanyo wa mali, alisema, tungekwenda mahakamani. Kwa suala la bima peke yake, aliona inatosha niape upya kwamba hatuishi tena pamoja, kisha mwajiri aamue. Nilistaajabu kwamba sheria iliyonizidi umri ilikuwa imewafikiria watu kama sisi, ilhali fomu iliyochapwa juzi haikutufikiria.

Ofisini walinong'ona kwamba nabana matumizi. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa mtumishi kama mimi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yangu na nusu ya mwajiri, niwe na mwenza au nisiwe naye, kwa hiyo sikuokoa hata senti. Nilichokataa ni kuendelea kuandikwa mke wake kila anapofika dirisha la hospitali, wakati anakoishi kuna mwingine anayeitwa hivyo.

Hata hivyo sikutaka aumbuke dirishani. Nilimpigia simu, nikamwambia akachukue dawa zake za presha kabla kadi haijafungwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na Neema je, Mama Neema?" Nikamjibu kwamba Neema yumo kwa sababu ni mwanangu, na jina la baba yake likitoka, lake halitaguswa. Hakubisha, kadi aliileta mwenyewe hadi getini kwetu.

Afisa utumishi alipokea kiapo changu cha pili, akakibana pamoja na kile cha kwanza. Alipofika kwenye sababu, alisita, akakata neno "talaka" kwa kalamu, akaandika juu yake "wametengana", akagonga mhuri.