Dosie ya kusoma ng'ambo inaanzia Lubumbashi, tena inaanza na jina

Matokeo ya Exetat, mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari, yakishatangazwa, nyumba nyingi za Lubumbashi zinaingia katika hesabu ileile: mtoto aende Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, Afrika Kusini au India? Shule gani, na minervale, yaani karo ya chuo, ni kiasi gani? Wazazi wanauliza vizuri, ila kuna kazi inayotangulia maswali hayo. Dosie ya kijana mwenye asilimia 75 inaweza kuanguka kwa sababu karatasi zake hazipatani: jina moja kwenye biletini ya shule, lingine kwenye diplome, la tatu kwenye pasporti. Kazi ya kuzipatanisha inafanyika hapa hapa mjini, na ikiwezekana ianze miaka miwili kabla ya safari.

Tuanze na jina, maana ndilo linalosumbua Wakongomani kuliko majirani zetu. Tangu siasa ya Authenticité ya Mobutu mwaka 1972, tumezoea kuandikwa kwa jina na postnom, yaani jina la pili la kienyeji, na prénom ya ubatizo inakuja mwisho au haiandikwi kabisa. Fomu za ng'ambo zina nafasi mbili tu: jina la ukoo na jina la kupewa. Chukua mfano wa kijana anayeitwa Ilunga Kabwe Patient. Akti ya kuzaliwa inasema Ilunga Kabwe. Biletini zinasema Patient Ilunga. Cheti cha chanjo kinasema Kabwe Patient. Kwetu ni mtu mmoja anayejulikana mtaa mzima. Kwa afisa wa viza aliye Brussels au Ottawa hao ni watu watatu, na yeye halazimiki kukupigia simu akuulize.

Dawa yake iko kwenye pasporti. Fungua ukurasa wa picha, tazama mistari miwili ya chini yenye herufi kubwa na alama za mshale. Mstari wa juu unaanza na herufi P, inafuata alama au herufi moja, kisha COD, ambayo ni Kongo yetu, kisha majina. Tafuta mahali penye mishale miwili iliyofuatana: ILUNGA<KABWE<<PATIENT. Kilicho kabla ya mishale miwili ndicho jina la ukoo, kilicho baada yake ndicho jina la kupewa. Mshale mmoja ni nafasi tu kati ya maneno. Mashine za mipaka na programu za viza zinasoma mstari huo. Basi nakili hivyo hivyo, herufi kwa herufi, kwenye fomu ya chuo, kwenye mtihani wa lugha, kwenye konti ya banki, kwenye tikiti ya ndege. Usibadilishe mpangilio kwa kuwa fomu moja imekufurahisha zaidi ya nyingine.

Lakini pasporti yenyewe haitangulii. Inaandikwa kwa kufuata karatasi zilizopatikana kabla yake. Kwanza akti ya kuzaliwa. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kutangaza mtoto kwenye komini. Muda huo ukipita, hakuna njia nyingine isipokuwa kwenda tribunali kuomba jugement supplétif (hukumu inayoshika nafasi ya tangazo lililochelewa), kungoja certificat de non-appel (cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa), kisha kurudi komini ili akti iandikwe. Wengi wanachoka katikati na kuchukua attestation de naissance, karatasi tu ya kushuhudia kuzaliwa, kwa sababu inatoka haraka. Hiyo haina nguvu ya akti, na ofisi nyingi za ng'ambo zinairudisha. Weka karatasi zote tatu pamoja, hukumu, cheti na akti, maana kuna watakaodai kuona mlolongo mzima.

Baada ya akti, diplome ya Leta. Hapa mzazi ana nafasi moja nzuri sana ambayo ikipita hairudi kirahisi: wakati shule inaandikisha watahiniwa wa mwaka wa mwisho. Nenda kwa prefe, mkuu wa shule, omba kuona jina la mtoto lilivyoandikwa kwenye orodha, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa pale inakwenda mpaka kwenye diplome, na kuirekebisha baadaye ni safari ya Inspection, ofisi ya wakaguzi wa shule, na barua za Kinshasa, miezi juu ya miezi. Kumbuka pia kwamba diplome yenyewe inaweza kuchelewa kuchapwa, hata miaka. Kwa muda huo unatumia attestation de réussite, karatasi ya kuthibitisha kuwa umefaulu. Uliza chuo mapema kama wanaipokea, na kwa masharti gani, kwa maandishi.

Diplome ikishafika mkononi, tafadhali usiipeleke kuwekwa plastiki. Ni desturi yetu kuhifadhi karatasi ya thamani kwa njia hiyo, lakini muhuri na saini ya kuhalalisha vinawekwa juu ya karatasi yenyewe, na plastiki inazuia. Ihifadhi kwenye bahasha ngumu, pakavu, na uwe na nakala za rangi zilizothibitishwa.

Kuhalalisha kunafuata ngazi: wizara ya elimu inathibitisha kuwa diplome ni ya kweli, wizara ya Mambo ya Nje inathibitisha saini ya wizara ya elimu, na mwisho ubalozi wa nchi unayokwenda unathibitisha saini ya Mambo ya Nje. Kila mmoja anatambua saini ya aliyemtangulia tu. Ukiruka ngazi unarudishwa chini. Karibu yote hayo yako Kinshasa. Kama hutasafiri mwenyewe, mpe ndugu anayejulikana, na prokirasio (barua ya kumpa ruhusa) iliyosainiwa, wala si mtu wa kati uliyeonyeshwa jana. Panga miezi mitatu kwa kazi hii. Ikiisha kwa mmoja, umepata faida. Na unapopewa miadi ya Kinshasa, au ya mtandaoni na ofisi ya kule, kumbuka sisi tuko saa moja mbele yao.

Kwa Ubelgiji kuna jambo la kuangalia kwa makini. Anayetaka kuingia mwaka wa kwanza wa chuo katika Fédération Wallonie-Bruxelles, upande wa Ubelgiji unaofundisha kwa Kifaransa, anahitaji usawa (équivalence) wa diplome yake ya sekondari, na maombi ya usawa huo yana mwisho wa tarehe 15 Julai. Tarehe hiyo haimsubiri anayengoja karatasi za mwaka huohuo. Naona ni busara kukubali mwaka mmoja katikati: mtoto aanze UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au chuo kingine cha hapa, huku dosie inatengenezwa bila kukimbizana. Mwaka huo haupotei. Unampa alama za chuo kikuu za kuonyesha.

Aliyekwisha soma chuo kikuu ana tatizo la namna nyingine. Katika mfumo wetu wa zamani, graduat ilikuwa miaka mitatu na licence miwili juu yake, yaani jumla mitano. Katika mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat), licence ni miaka mitatu tu. Msomaji wa ng'ambo akiona neno licence bila maelezo anahesabu mitatu, na unapoteza miwili uliyoisomea kwa jasho. Omba sekretarieti ya fakilte iandike barua inayoonyesha miaka, idadi ya saa za kila somo, na kipimo cha alama: kwamba satisfaction inaanza 50, distinction 70, grande distinction 80. Alama 68 za Lubumbashi zinaonekana ndogo kwa mtu aliyezoea nchi ambako 90 ni ya kawaida. Barua hiyo ya ukurasa mmoja inafanya kazi kubwa, na haigharimu sana.

Sasa pesa. Kila nchi ina kiasi chake cha chini cha kuthibitisha. Ujerumani, tangu Septemba 2024, inadai euro 11,904 kwa mwaka kwenye konti iliyofungwa, ambayo inakufungulia euro 992 kila mwezi. Ufaransa inahesabu euro 615 kwa mwezi. Kanada, nje ya Quebec, tangu 1 Septemba 2025 inadai dola 22,895 za Kanada kwa mwanafunzi mmoja, na hapo minervale ya mwaka wa kwanza na nauli havimo. Ubelgiji inakubali mdhamini anayesaini annexe 32, fomu ya kuahidi kumlipia mwanafunzi, lakini naye lazima aonyeshe mapato yake.

Kuwa na kiasi peke yake hakutoshi. Wanataka kuona kimetoka wapi. Hapa kwetu biashara nyingi ni pesa mkononi. Baba ana magari mawili ya mizigo ya Kasumbalesa, anaingiza vizuri, lakini konti yake ya banki imelala. Wiki ya mwisho anaweka dola 15,000 kwa mara moja. Afisa anaiona hiyo kama pesa ya kuazima, na kwa haki yake anakataa. Anza kupitisha mapato bankini miezi sita kabla au zaidi, hata kidogo kidogo, na uambatanishe karatasi zinazoeleza: RCCM (karatasi ya kusajili biashara), risiti za kodi, mkataba wa kupangisha nyumba. Kama kiwanja kimeuzwa, weka mkataba wa mauzo kando ya bordereau, karatasi ya banki ya siku pesa ilipoingia, na tarehe zikaribiane.

Wakati wa kulipa minervale, kuna shimo dogo linalowaangusha wengi. Uhamisho wa kimataifa unapita kwenye banki za katikati, na kila moja inaweza kukata chake. Umetuma euro 2,000, chuo kimepokea 1,960, na mfumo wao unaandika "hajamaliza kulipa". Barua ya kuthibitisha nafasi haitoki, na miadi ya viza inapita. Kwenye fomu ya banki kuna sehemu ya gharama yenye OUR, SHA na BEN. Chagua OUR, gharama zote zibaki kwako. Kwenye sehemu ya maelezo andika namba yako ya mwanafunzi na jina kama lilivyo kwenye pasporti, si jina la baba. Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, ule ambao banki zinatumiana kuhusu uhamisho, na uihifadhi. Pesa ikichelewa, ndiyo inayosaidia kuifuatilia.

Kwa wanaoelekea kusini, mambo ni tofauti kidogo. Afrika Kusini inahitaji tathmini ya diplome kutoka SAQA, ofisi yao ya kutambua diplome, na kwa shahada ya kwanza kibali cha kuingia chuo kinachopitia Universities South Africa. Viza inataka bima ya afya iliyosajiliwa kule kule, na casier judiciaire, yaani cheti cha kuonyesha kama umewahi kuhukumiwa. Zambia iko karibu na gharama ni nafuu zaidi. Kule ofisi ya ZAQA ndiyo inayothibitisha diplome. Katika nchi zote mbili unasoma kwa Kiingereza, na matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS au TOEFL yanadumu miaka miwili tu.

Kuhusu watu wanaouza nafasi za chuo mjini: wengine wanafanya kazi halali na kulipwa kamisheni na chuo. Hata hivyo kagua mwenyewe. Tafuta anwani ya chuo kwenye tovuti yake rasmi, usitumie ile iliyo kwenye barua uliyopewa, na uwaulize kama namba ya barua ni yao. Kagua pia kama nchi yenyewe na diplome yake vinatambuliwa. Vyuo vya Kupro ya Kaskazini, kwa mfano, viko katika eneo linalotambuliwa na Uturuki peke yake, na ukirudi utahitaji usawa wa diplome Kinshasa kabla ya kuajiriwa na Leta au kuingia katika chama cha madaktari.

Viza ikitoka, angalia njia ya ndege kabla ya kulipa tikiti. Wakongomani ni kati ya mataifa machache yanayodaiwa viza ya kupita kwenye uwanja wa ndege wa nchi za Schengen, hata kama hutoki nje ya uwanja. Mwenye viza halali ya Kanada au Marekani amesamehewa. Anayekwenda Uturuki au India kupitia Paris hajasamehewa, na atazuiwa kwenye uwanja wetu wa ndege wa Luano akiwa na mizigo yake. Addis Ababa na Nairobi ni njia rahisi zaidi kwa wengi. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari; kabla ya hapo cheti hakijaanza kazi. Tangu 2016 kinadumu maisha yote, hata kama kile cha zamani kimeandikwa miaka 10, na jina lililo ndani yake lifanane na pasporti.