Ubao wa glukosi: hesabu ya ATP imekubali, na kadi ya muhogo imeingia

Imekubali, jamani. Jana usiku glukosi moja ilivuka ubao mzima ikatoa vizibo 32 kwa njia moja na 30 kwa njia ya pili, bila baki na bila mtu kushika mkasi.

Kwa anayeukuta mradi huu njiani: ni mchezo wa mezani wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokimbia sapu ya baiokemia. Ubao ni plaiwudi. Kushoto sitoplazimu, kulia mitokondria, na utando wa ndani nimeujenga kwa vijiti vya mishikaki vilivyosimamishwa kwa gundi ya mbao. Vizibo vya soda ndiyo ATP, molekuli ya fosfati tatu inayobeba nishati ya seli; vikadi vyekundu ni NADH na vya njano ni FADH2, wabeba elektroni zinazotoka kwenye glukosi. Glikolisisi (glukosi kuvunjwa kwenye sitoplazimu) na mzunguko wa Krebs (uvunjaji unaoendelea ndani ya mitokondria) vilikamilika zamani na havikunisumbua.

Kilichonitesa ni malipo ya mwisho. Madesa yanayorithishwa bwenini yanasema NADH moja ilipwe vizibo 3 na FADH2 vizibo 2, jumla 38, au 36 kwa wengine. Vitabu vya karibuni vinasema 2.5 na 1.5, jumla 32 au 30. Mezani kila mmoja anakuja na namba yake na desa lake mkononi, na mchezo unageuka baraza la usuluhishi. Nilikata vizibo nusu kwa mkasi wa bati ili hiyo 2.5 ilipike. Vinachana vidole, na isitoshe ni uongo: hakuna nusu ya ATP duniani. Ama fosfati ya tatu imeshika, ama haijashika.

Basi desimali inatoka wapi? Hapo ndipo nilipoganda. Jibu ni kwamba NADH hailipi ATP. NADH inalipa protoni, na protoni ndizo zinazonunua ATP. Peter Mitchell alilisema hili mwaka 1961, akapingwa miaka mingi na waliokuwa wakitafuta molekuli ya kati yenye nishati, kisha akapewa Nobel mwaka 1978. Zile 3 na 2 za madesa ni masalia ya enzi ambayo kila kituo cha mnyororo wa elektroni, yaani protini za utando wa ndani zinazopokezana elektroni, kilidhaniwa kutengeneza ATP moja kamili.

Kwa hiyo nimefuta malipo ya vizibo kwenye mnyororo na kuweka kunde. Kunde moja, protoni moja. Vituo vya mnyororo vinaitwa kompleksi: NADH ikitua kompleksi ya 1, mchezaji anavusha kunde 4 kupita vijiti vya mishikaki. Kompleksi ya 3, kunde 4 tena. Kompleksi ya 4, kunde 2. Jumla 10. FADH2 inaingilia kompleksi ya 2, ambayo haivushi chochote, kwa hiyo inaambulia 6. Upande wa pili kuna tundu moja tu la kurudia, ATP sinthesi, kimeng'enya kinachotengeneza ATP, na bei yake ni kunde 4 kwa kizibo kimoja.

Hesabu: NADH 8 za ndani ya mitokondria ni kunde 80. FADH2 mbili ni 12. Zinabaki NADH 2 za glikolisisi, ambazo haziwezi kupita utando wa ndani. Hapa nimeweka vivuko viwili. Kivuko cha maleti na aspateti, cha ini na moyo, kinafikisha elektroni mpaka NADH ya ndani: kunde 20. Kile cha gliseroli fosfati, kinachotumika sana kwenye misuli, kinazikabidhi kwenye utando na kuiruka kompleksi ya 1: kunde 12. Jumla ni 112 au 104. Gawanya kwa 4, ni 28 au 26. Ongeza ATP 4 zinazotoka moja kwa moja kwenye glikolisisi na Krebs. 32 au 30! Nilihesabu kunde zote upya kwa mkono kwa sababu sikuamini.

Kuna watakaoniuliza kwa nini 4. ATP sinthesi inazunguka kweli kweli, na kila mzunguko inatoa ATP 3. Pete yake ina vipande 8 kwa ng'ombe na 10 kwa hamira, na kila kipande kinapitisha protoni moja. Ongeza protoni moja inayolipia kuingiza fosfati kwa kila ATP, utapata kama 3.7 kwa ng'ombe na 4.3 kwa hamira. Nimeweka 4 na sitabishana. Anayetaka pete ya ng'ombe aje na mkasi wake wa bati.

Kuhusu vifaa: choroko msijaribu, zinabiringika mpaka chini ya kitanda. Kunde zinatulia, ila zikikaa wiki kadhaa zinaanza kutoboka, na sasa mbili za kwangu zina tundu safi la mviringo na unga pembeni. Makapeni ya bei rahisi na vanishi havipatani: ukipaka tu, wino unayeyuka, na eneo langu lote la NAD (NADH ikiwa haijabeba elektroni) sasa ni wingu la bluu. Penseli na msasa vimenifaa kuliko programu yoyote ya michoro.

Iliyofuata kwenye ratiba ilikuwa asidi ya mafuta, palmiteti. Nimepiga hesabu: kunde 400 kwa molekuli moja, vizibo 106. Kunde 400 sina, na kusema kweli hamu imehamia kwingine, maana jana mtu aliuliza mezani: sayanidi inauaje na hewa ipo?

Tukatengeneza kadi ya muhogo mchungu palepale. Muhogo huo una linamarini, kemikali iliyofunga sayanidi ndani yake, na tishu zikipondwa sayanidi inatoka, ndiyo maana hulowekwa na kuanikwa. Ukiivuta kadi, kompleksi ya 4 inafungwa. Oksijeni imejaa mlangoni, hakuna wa kuipa elektroni. Vikadi vyekundu vikarundikana, NAD ikaisha, Krebs ikasimama na asetili-koA, malighafi yake, ikiwa pale pale inasubiri. Aliyekuwa anaelekea vizibo 30 akabaki na 2 vya glikolisisi na rundo la lakteti, akatukana.

Sasa nataka kadi ya kujitetea. Mwili una kimeng'enya, rodanesi, kinachoibandika sayanidi salfa na kuifanya thayosayaneti itoke kwenye mkojo, na salfa hiyo inatokana na amino asidi za protini. Kwa hiyo itakuwa kadi ya dagaa. Nisichoamua ni kama ifungue kompleksi ya 4 mara moja au polepole, raundi kwa raundi. Naelekea kwenye polepole, lakini kwanza ninunue kunde mpya.