Mlango wa kioo wa kuslaidi ukianza kugoma, anza na reli
Jamani leo nimeshinda na madirisha na ule mlango wa kioo wa kuslaidi wa kutokea barazani, na nawaambia kabla hujagusa kioo anza na reli ya chini, toa vumbi na brashi kavu kwanza maana ukimwaga maji moja kwa moja linakuwa tope linaenda kuganda kwenye magurudumu. Halafu kuna vile vitundu vya kutolea maji ya mvua kwenye fremu, zibua na kijiti, vikiziba maji yanaingia ndani. Reli nimepuliza silikoni, ile ya kopo ya kulainisha sio ya kuzibia, mafuta ya kawaida siyataki kabisa yanashika vumbi. Vioo sabuni kidogo tu inatosha, ila sio jua likiwa linakipiga, inakauka hujafuta inaacha michirizi. Saivi mlango nausukuma na kidole kimoja, nimefurahi mno!